Kwa Kipimo cha Sifuri Hadi Kumi

Accrington, Jumanne, mvua ile nyembamba
isiyonyesha wala kukoma.
Nimelitia dodoso kwenye mfuko wa mkate lisilowe.
Maswali kumi na mawili, dakika nane, nasema,
ingawa hajazaliwa aliyenijibu kwa dakika nane.

Mzee Entwistle ananifungulia na soksi moja.
Kiongozi wa buluu? Anampa sita:
"Nne za tai, mbili za kumwonea huruma."
Wa wekundu? "Tatu. Huongea kama mtu
anayesoma karatasi ya dawa ya kikohozi."
Wa manjano? Anafikiri. Anafikiri sana.
Birika linapiga mluzi jikoni.
"Huyo yupo bado?"

Jibu hilo halina kisanduku.
Naandika nne.
Mungu anisamehe, na msimamizi wangu pia.

Namba kumi na tisa, Naila Kausar,
katoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee,
viatu mkononi, macho yamemwingia ndani.
"Waniuliza nani aiongoze nchi.
Niulize nani alimwongoza Bi Doris msalani
saa tisa za usiku, tukiwa wawili kwa vitanda thelathini."
Basi nikuandike hujui?
"Andika najua.
Ila kwenye orodha yako hayupo."

Kwa akina Haworth anajibu mume,
anajibu kwa niaba ya nyumba nzima, paka akiwemo:
nyekundu, kama baba, kama babu,
kama kiwanda cha nguo kilichokuwa pale
palipo sasa maegesho ya magari.
Anapokwenda kuzima jiko
mke ananishika kiwiko, kidole midomoni:
"Tangu waliondoe basi namba nane
sina rangi mimi.
Natembea maili mbili kwenda kliniki, na goti hili.
Ukimwambia, nitakukana."

Muuza nyama hataki kumi wala sifuri.
Nani atashinda, basi?
Anafuta kisu kwenye aproni, mara mbili.
"Atakayeshindwa polepole kuliko wenziwe."

Wengine hawafungui. Naona pazia likitikisika,
nasikia televisheni ikinyamazishwa,
mtoto akiambiwa shii.
Hao nao ni maoni, nadhani,
tena huenda ndio walio wengi,
lakini mlango uliofungwa haujumlishwi.

Jioni, dukani kwa Kostas, nangoja samaki na chipsi,
siki inanichoma pua, soksi zimelowa chepechepe.
Kwenye skrini juu ya friji
bwana mmoja wa London, suti imempenda,
anachora mistari inayopanda na kushuka
kama chati ya homa miguuni pa kitanda cha mgonjwa.
Wekundu wameshuka mbili. Buluu wamesimama.
Umma umesema, anasema.
Umma unataka mabadiliko, umma unataka utulivu,
umma umechoka, umma una hasira,
na yote hayo yana kosa la asilimia tatu, juu au chini.

Juu au chini.
Nawaza: ndani ya hizo tatu
mna goti la Bi Haworth,
mna Bi Doris na taa ya korido,
mna mtaa mzima wa mapazia.
Ahadi ni deni, tulifundishwa;
lakini deni hili limeuzwa mara nyingi,
mdai hajui tena agonge mlango gani,
na mimi ndiye nigongaye.

"Na wewe?" ananiuliza Kostas, akikunja karatasi.
"Wewe utampa nani?"
Miaka sita ya kazi hii, swali la kwanza.
Nafungua mdomo. Nafunga. Naomba chumvi zaidi.

Halafu bwana wa London anakumbuka jambo, anageuka:
chama cha manjano kimepanda nukta moja.
Dogo, lakini la kutazamwa.
Wanamwonyesha kiongozi wao kwenye ngazi za jengo fulani,
anapunga mkono, anatabasamu
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu.

Siwezi kuapa kwamba ni ile nne yangu.
Siwezi kuapa kwamba siyo.
Chipsi zinapoa mkononi,
na masikioni birika la Entwistle
linapiga mluzi, linapiga mluzi.